Nani Alimuua Asmodean? Kisa cha Kitendawili Kilichokosa Mji

Nakala yangu ya kitabu cha tano cha The Wheel of Time, mfululizo wa riwaya za kichawi, niliinunua inama, katikati ya Nairobi, kwa shilingi mia moja na hamsini. Inama, kwa asiyeijua, ni wale wauza vitabu wanaotandaza mali yao kando ya njia, na jina limetokana na kile anachofanya mteja. Jalada lilikuwa limeng'oka nusu na karatasi zimegeuka rangi ya chai. Aliyekuwa nacho kabla yangu alikuwa msomaji wa penseli. Kurasa mamia kwa mamia hakuzigusa, kisha karibu na mwisho kabisa akaandika majina matatu ukingoni: Lanfear, Slayer, Graendal. Jina la tatu alilikata kwa mistari miwili, na chini yake akaandika kwamba hilo ni rahisi mno.

Nilikaa na ukurasa huo muda mrefu kabla ya kujua kwamba mtu yule hakuwa peke yake. Majina hayohayo, na kukatwa kulekule, vilikuwa vikiendelea mtandaoni usiku na mchana tangu kitabu kilipotoka mwaka 1993. Hicho ndicho kisa ninachotaka kukichambua: wasomaji waliobishana miaka 17 juu ya mauaji ya mhusika mmoja, Asmodean, jibu lilivyowafikia, na kwa nini wengi wao walilipokea kama mtu aliyerudishiwa chenji pungufu. Nitamtaja muuaji kwa jina, kwa hiyo anayetaka kuvisoma vitabu hivi bila kujua aishie hapa.

Mfululizo wenyewe ni wa Robert Jordan, jina la kalamu la James Oliver Rigney wa Charleston, South Carolina, askari aliyepigana Vietnam kisha akasomea fizikia. Kitabu cha kwanza kilitoka Januari 1990, cha kumi na nne Januari 2013. Kiini chake ni kijana wa shambani, Rand al'Thor, ambaye amezaliwa kupambana na Mwenye Giza. Upande wa adui kuna wachawi 13 wa zama za kale waliouza roho zao na kufungiwa kwa zaidi ya miaka 3,000. Watu huwaita kwa jina lenye maana ya waliotupwa. Wao wenyewe hujiita Wateule. Asmodean ni mmoja wao, na kati ya wote ndiye aliyeuza roho kwa sababu iliyo karibu zaidi na moyo wa binadamu wa kawaida. Alikuwa mwanamuziki. Aliutaka uhai usio na mwisho ili aendelee kutunga nyimbo. Katika kitabu cha nne anashindwa na Rand, na Lanfear, Mteule mwenzake, anamfunga uwezo wake ukabaki wa kudondoka tone tone. Tangu hapo anazunguka na Rand akijifanya mpiga kinubi, huku kwa siri akimfundisha uchawi. Ni mateka anayemfundisha aliyemteka.

Sasa tusogee karibu na tukio lenyewe. Mwisho wa kitabu cha tano Rand anavamia kasri la Caemlyn kumsaka Mteule mwingine, Rahvin. Radi ya Rahvin inawaua marafiki wa Rand papo hapo, Asmodean akiwa miongoni mwao. Rand anampiga Rahvin kwa moto mweupe ambao haumuui mtu tu, bali unafuta na yale aliyotenda muda mfupi kabla ya kufa. Radi inakuwa kama haikupiga. Waliokufa wanasimama. Asmodean, ambaye ametoka kufa na kurudi, anatembea kwenye kasri lililotulia akiwaza kinywaji. Anauona mlango mdogo, anadhani ni wa stoo, anauvuta akitumaini kupata mvinyo wa maana. Anasimama ghafla, uso unampauka. Anatamka neno la kumtambua mtu, kisha neno la kukataa. Kifo kinamchukua.

Basi. Sura hiyo haisemi nani alikuwa nyuma ya mlango, na hata silaha haitajwi.

Wasomaji wa Jordan walikuwa miongoni mwa watu wa mwanzo kulifanya jukwaa la mtandao kuwa baraza la kitabu. Zama zile hakukuwa na picha wala video. Yalikuwapo makundi ya Usenet, mabaraza ya mijadala ya mtandaoni ya enzi hizo, maandishi matupu, na mtu angeweza kukaa hadi saa nane za usiku akijibu hoja ya mtu asiyemjua aliye bara jingine. Walikusanya maswali yanayojirudia wakayapangia waraka mrefu wa maswali na majibu ili wageni wasianze upya kila juma. Swali la Asmodean lilikuwa na sehemu yake kubwa humo, na sehemu hiyo ilisomeka kama jalada la polisi: nani alikuwa na sababu, nani alikuwa na uwezo, nani alikuwa na nafasi.

Napenda kukaa kidogo hapa, kwa sababu kazi waliyoifanya watu wale inastahili heshima kuliko inayopewa. Kifungu chenyewe ni cha mistari michache. Kutokana na mistari hiyo walitoa mambo matatu yasiyopingika. La kwanza, Asmodean alimtambua muuaji mara moja. La pili, alimwogopa kuliko kawaida. La tatu, hakumtegemea pale. Kisha wakauliza swali ambalo mpelelezi yeyote angeuliza: mtu aliyefungiwa miaka 3,000, aliyekaa huru muda mfupi na karibu wote huo akiwa amejificha, anawajua watu wangapi? Wachache sana. Anawajua walio kambini kwa Rand, na anawajua Wateule wenzake.

Hapo hesabu inawezekana hata kwa vidole. Wateule ni 13. Aginor na Balthamel wamekufa kitabu cha kwanza. Ishamael na Be'lal, cha tatu. Rahvin ametoka kuteketezwa dakika chache zilizopita. Lanfear ameangukia ndani ya mlango wa kichawi uliowaka moto nyuma yake. Moghedien ametekwa. Asmodean mwenyewe ndiye marehemu. Wanabaki watano: Sammael, Graendal, Demandred, Semirhage na Mesaana. Watatu wa mwisho, kufikia hapo, msomaji anawajua kwa majina zaidi kuliko kwa sura. Sammael amejichimbia katika mji wa Illian na si mtu wa kutoka nje ya ngome yake bila uhakika wa ushindi. Anabaki Graendal, ambaye kwenye kitabu hichohicho amekaa kikao cha njama na Rahvin na hivyo ana sababu ya kupita kasrini kwake kuulizia kulikoni.

Kwa hiyo yule wa penseli alikuwa amefika. Alifika, akatazama jibu, akaliona dogo, akalikata.

Kwa nini basi miaka 17? Maelezo niliyoyakuta mara nyingi ni kwamba mashabiki walijitakia, kwamba walipenda ubishi kuliko jibu. Sikubaliani nayo, kwa sababu yanasahau mpangilio wa vitabu. Hesabu niliyoonyesha hapo juu ilikuwa imara kwa mwaka mmoja tu. Mwaka 1994 kilitoka kitabu cha sita, na ndani yake Mwenye Giza anawarudisha Aginor na Balthamel katika miili mipya. Baadaye Ishamael naye anarudi, na Lanfear pia. Sheria ya kuhesabu waliobaki ikavunjika mikononi mwa watu, kwa sababu sasa aliyekufa hakuwa na lazima ya kubaki amekufa. Kitabu hichohicho cha sita kikamleta Mazrim Taim, mtu mwenye kiburi na macho makali, anayewaita Waaiel, wapiganaji wa jangwani, kwa maneno ya dharau ambayo hutoka kwa watu wa zama za kale. Nusu ya baraza ikasadiki kwamba Taim ni Demandred aliyejigeuza, wakayaunganisha majina mawili kuwa moja, na kama Taim ni Demandred, basi huenda ndiye aliyekuwa nyuma ya mlango. Jordan alilazimika kusema hadharani kwamba Taim si Demandred. Hata hapo wapo waliosema anakanusha kwa sababu amegunduliwa.

Kuna na jambo la usafiri. Katika riwaya za upelelezi tulizozizoea mtu huokolewa na umbali. Siku ile mimi nilikuwa Mombasa, gari liliniharibikia Mtito Andei, mashahidi hawa hapa. Katika ulimwengu wa Jordan mchawi mwenye nguvu anapasua hewa na kuvuka nchi nzima kwa hatua moja. Utetezi wa umbali haupo. Kila mwenye uchawi angeweza kuwa nyuma ya kila mlango. Na kwa kuwa marehemu alikuwa amefungwa uwezo, hata asiye hodari angemmudu. Nafasi walikuwa nayo wote, uwezo walikuwa nao wote, ikabaki sababu, na sababu ya kumuua msaliti kila mwenzake alikuwa nayo.

Orodha ikawa ndefu. Slayer, muuaji anayevuka kati ya dunia ya ndoto na dunia ya macho, alikuwa na wafuasi wengi, na mimi nilikuwa mmoja wao kwa muda nisiopenda kuutaja. Wapo waliosimama na Lanfear hadi mwisho. Na nje ya orodha ya heshima kulikuwa na zile walizoziita wenyewe nadharia za kichaa, ambapo aliyesimama kizimbani alikuwa Bela, yule farasi jike mchovu wa kijijini. Walijua ni mchezo. Lakini walimtetea Bela kwa kunukuu sura na aya, na nidhamu ile ya kunukuu ndiyo iliyowafanya wazuri kwenye mambo ya kweli.

Jordan naye? Alisema kwamba jibu linapaswa kuwa wazi. Kauli hiyo ilimwaga petroli. Aliyejua aliona ameungwa mkono. Asiyejua aliona anafanyiwa mtihani. Alipoona ubishi unavyonoga, akauacha. Alipoulizwa kwenye vikao vya kusaini vitabu alijibu kwa herufi nne, RAFO, maana yake soma utajua, na herufi hizo zikawa salamu ya mashabiki kote.

Hapa ndipo ninapotaka kusema langu. Sisi tuna utaratibu wa zamani wa jambo hili, na ni utaratibu wenye busara. Mtu anasema kitendawili, wasikilizaji wanajibu tega, anatega, wanajaribu. Wakishindwa, hawaachwi hivihivi. Mtegaji anaomba mji. Wanampa Lamu, wanampa Kisumu, anaukubali au anaukataa, akiukubali anausifia kidogo alivyokwenda na alivyokula, ndipo anatoa jibu. Mji ule si porojo. Ni mapatano. Kwa kuutoa, hadhira inakiri kwa hiari yake kwamba imeshindwa na sasa iko tayari kusikia. Na mtegaji, kwa kuuomba, anakiri kwamba kwao kushindwa kuna thamani, si aibu tupu.

Jordan alitega bila kusema kitendawili. Kwa maneno yake mwenyewe alidhani jambo liko wazi, maana yake hakukusudia kutega kabisa. Alifunga uso wa muuaji kama mbinu ya kumaliza sura kwa mshtuko, na mbinu hiyo ina kanuni: ukimficha mtu uso, msomaji anahesabu kwamba uso huo una uzito wa kufichwa. Ndani ya hadithi yenyewe hakuna aliyefuatilia. Hakuna maiti iliyookotwa wala anayehoji watumishi wa kasri, na Rand anabaki na la kufikiri kwamba mtu wake ametoweka. Mwanamuziki yule hakufanyiwa matanga na mtu yeyote isipokuwa wasomaji. Wao ndio walioketi naye. Kwa hiyo walipokuja kudai jibu, hawakudai kama wadadisi, walidai kama wafiwa, na kila mwaka uliopita uliongeza riba ya deni. Muuaji aliyepita kwa shughuli zake akakutana na msaliti kwa bahati mbaya angetosha mwaka 1994. Mwaka 2004 asingetosha tena, hata kama ndiye.

Kisha mambo yakaacha kuwa mchezo. Mwaka 2006 Jordan alitangaza kwamba ana ugonjwa wa moyo usio wa kawaida, amiloidosisi, na kwamba ana nia ya kuishi amalize kazi. Wiki za mwisho aliwasimulia wa nyumbani kwake hadithi iliyobaki, yakarekodiwa na kuandikwa. Alifariki Septemba 16, 2007, akiwa na umri wa miaka 58. Katika rambirambi za mashabiki swali la Asmodean lilijitokeza, na wapo waliokasirika, wakaona ni utovu wa adabu kuuliza habari za mhusika wakati mtu mwenyewe hajazikwa. Mimi siwalaumu waliouliza. Kwa wengi wao ilikuwa njia pekee waliyokuwa nayo ya kumzungumzia marehemu, kama vile msibani watu wanavyotaja utani wake.

Mjane wake, Harriet McDougal, ambaye pia ndiye aliyekuwa mhariri wa vitabu hivyo tangu mwanzo, alimchagua Brandon Sanderson kumalizia. Sanderson alikuwa mwandishi kijana wa Utah, na kabla ya hapo alikuwa shabiki kama sisi, aliyeanza kusoma mfululizo huu akiwa mvulana. Alipofika nyumba ile ya Charleston mara ya kwanza alitaka kuona mwisho wa hadithi, ambao Jordan alikuwa ameshauandika, na alitaka kujua nani alimuua Asmodean. Kati ya maelfu waliobishana, mmoja alifunguliwa mlango.

Jibu likatufikia Novemba 2010, kwenye kitabu cha kumi na tatu, Towers of Midnight. Ndani ya hadithi kuna kidokezo karibu na mwisho, ambacho msomaji mwenye haraka angekipita. Kilichokata mzizi wa fitina kilikuwa faharasa, ile orodha ya majina na maana zake iliyo nyuma ya kitabu, ambayo watu wengi hawaifungui kabisa. Katika maelezo ya Wateule, palipotajwa Asmodean, palisemwa kwamba aliuawa na Graendal. Kama vile mtu anavyoandika urefu wa mlima.

Nakumbuka siku niliyoisoma, kwenye saiba, kwa sababu kitabu chenyewe sikuwa nacho bado. Mtu alikuwa ameunakili mstari ule na chini yake hakuongeza neno. Kwa mara ya kwanza tangu nianze kufuatilia, ubishi ulinyamaza. Baadaye zikaja sauti. Waliokuwa upande wa Graendal tangu 1993 walisherehekea, na walikuwa na haki. Wengine walisema waliibiwa. Wapo waliosema jibu ni sahihi lakini halikupaswa kuwekwa pale, na hao ndio niliosimama nao, ninasimama nao hadi leo.

Simlaumu Sanderson. Alirithi swali ambalo hakulitega, pamoja na vita kubwa za kumaliza na wahusika mamia wa kuwarudisha nyumbani. Kulirudisha jambo la Asmodean katikati ya yote hayo kungehitaji mhusika wa kulijali, na hakuwepo, kwa sababu Jordan hakumuumba. Kosa la mwaka 1993 halikuwa na tiba nzuri mwaka 2010. Lakini nashikilia kwamba wasomaji hawakuombwa mji. Jibu liliachwa mlangoni usiku, mwenye nyumba akaliokota asubuhi, na baraza iliyokaa miaka 17 haikupata ile dakika ya kukiri pamoja kwamba tumeshindwa, haya tuambie.

Athari yake naiona kwa wanaoanza sasa. Tangu tamthilia ya Amazon ilipoanza mwaka 2021 wasomaji wapya wamekuja kwa wingi, na wengi wanajua jina la muuaji kabla hawajajua Asmodean ni nani. Wanauliza kwa mshangao wa kweli, watu wazima walibishana nini hapa? Huwa nawaambia wafunge vitabu kuanzia cha sita, wasahau waliofufuka, wahesabu wale 13 kwa vidole. Wakifanya hivyo kwa uaminifu wanafika wenyewe, na wanapofika nyuso zao huwa tofauti na za aliyeambiwa.

Mwaka huu nakala yangu ya inama ilikwenda Eldoret. Nimempa mpwa wangu, aliyeanza mfululizo likizo ya Desemba na hataki kuambiwa lolote na mtu. Majina ya penseli sikuyafuta. Jumapili iliyopita, saa sita za usiku, alinitumia picha ya ukurasa ule. Chini ya majina matatu alikuwa ameongeza la nne kwa kalamu ya buluu: Sammael, na kando yake tarakimu 13 na vistari vya kuhesabia.

"Mjomba," akaandika, "huyu naye hujamfikiria?"

"Nipe mji," nikamjibu.

Akasema hatoi.